GARI LINALOTETEMEKA BAADA YA KUTIWA VIPURI VIPYA
Somo kwa mkulima mwenye pikapu au gari la mizigo

Wakulima wengi siku hizi hupeleka mazao yao sokoni kwa gari lao wenyewe. Hili ni jambo la kusifiwa, kwa maana mwenye gari hamngojei dalali shambani. Lakini gari la kiwandani huonekana dogo kwa kazi za shamba. Basi mwenyewe huliongezea springi ili libebe zaidi, huliinua ili lipite matopeni, hulitia magurudumu mapana, na pengine hubadilisha bomba la moshi ili injini ipumue vizuri. Wengine huyaona magari ya mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka wa 1953 na kurudi katika mashindano ya dunia mwaka wa 2021, wakatamani gari lao lifanane nayo. Wanasahau kwamba gari la mashindano hukaguliwa na kundi la mafundi kila siku ya mbio, na pikapu ya shamba hukaguliwa na mwenyewe tu, kama hukaguliwa.

Vipuri vikiisha kutiwa, gari hutoka gereji likipendeza. Kisha likifika lami na kushika mwendo, usukani waanza kutetemeka mikononi, au sakafu yanguruma chini ya miguu. Hapo ndipo fedha huanza kupotea. Fundi mmoja husema ni balansi, mwingine husema ni beringi, wa tatu husema shokabsoba zimekufa. Mkulima hununua vyote vitatu, na gari bado latetemeka.

Somo hili lataka kumfundisha mkulima jambo moja: mtetemo una wakati wake wa kuja, na wakati huo hutaja chanzo chake. Mtu akijua unapoanza, unapozidi na unaponyamaza, aweza kutaja sehemu yenye kosa kabla hajanunua hata nati moja.

Tena jambo hili si la kustarehe tu. Maziwa yakitikiswa njia nzima katika mtungi usiojaa, siagi hujitenga. Nyanya huchubuka na mayai hupasuka. Na mtetemo mwingine ni dalili ya nati zinazolegea; gurudumu likichomoka njiani laweza kumwua aliye ndani ya gari na apitaye kwa miguu.

KWA NINI KITU KIDOGO HUTIKISA GARI ZIMA

Tuchukue gurudumu lenye kipenyo cha sentimita 75. Likizunguka mara moja, gari huwa limekwenda kama mita 2 na sentimita 36. Gari likienda kilomita 80 kwa saa, gurudumu hilo huzunguka zaidi ya mara 9 katika kila sekunde.

Sasa tuseme donge la tope la gramu 50 limekauka ndani ya rimu, sentimita 20 kutoka katikati. Gari likisimama, gramu 50 si kitu. Lakini katika mwendo wa kilomita 80 donge hilo hulivuta gurudumu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa kilo 3 na nusu, na nguvu hiyo hubadili upande mara 9 kila sekunde. Katika mwendo wa kilomita 40 nguvu yake haifiki kilo 1. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu hiyo huongezeka mara nne. Ndiyo sababu gari laweza kuwa tulivu kabisa katika barabara ya shamba, likaja kutetemeka kwenye barabara kuu.

Katika gari kuna vitu vya namna tatu vinavyozunguka, na kila kimoja kina mwendo wake:

1. Magurudumu. Haya huzunguka polepole kuliko vingine. Mtetemo wake wauona kwa macho na kuuhesabu karibu kwa mkono: usukani huyumba, kiti hutikisika.

2. Propela, yaani ule mwamba wa chuma upelekao nguvu kutoka giaboksi hadi difu ya nyuma. Katika pikapu nyingi huzunguka kama mara 4 kila gurudumu linapozunguka mara moja. Mtetemo wake ni wa haraka sana. Mtu huusikia kama ngurumo au mvumo sakafuni, na kioo cha kutazamia nyuma huonyesha picha yenye ukungu.

3. Injini, pamoja na klachi na feni. Hizi hufuata mguu wa dereva na gia, hazifuati mwendo wa gari.

Mkulima akiyashika mambo haya matatu, amekwisha kupata nusu ya kazi.

KAZI YA KWANZA: ANDIKA KILICHOBADILISHWA

Chukua daftari. Andika kila kipuri kilichotiwa, siku kilipotiwa, na hesabu ya kilomita katika saa ya gari. Halafu andika siku mtetemo ulipoanza. Kama ulianza siku ile ile gari lilipotoka gereji, shaka ya kwanza ni kitu kilichoguswa siku hiyo, au kitu kilichofunguliwa ili hicho kitiwe. Gari halikuwa na beringi mbovu jana likawa nayo leo kwa bahati tu. Jambo hilo laweza kutokea, lakini liwe la mwisho kufikiriwa.

Yafaa kubadilisha kitu kimoja kimoja, na kuliendesha gari siku chache kabla ya kutia kingine. Mtu atiaye rimu, springi na bomba la moshi siku moja amejichanganyia mbegu tatu katika shimo moja. Zikiota hajui ipi ni ipi.

KAZI YA PILI: TAZAMA KABLA YA KUENDESHA

Egesha gari mahali tambarare. Vuta breki ya mkono, weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu. Ukiliinua kwa jeki, lisimamishe juu ya stendi za chuma au magogo imara kabla mtu hajaingia chini. Jeki peke yake si ya kuaminiwa na roho ya mtu.

Fuata taratibu hii:

(a) Jaribu kila nati ya kila gurudumu kwa spana. Kama yoyote imelegea, usiendelee na jaribio lolote kabla ya kukaza zote. Nati hukazwa kwa kuruka: ukikaza moja, nenda kwa ile inayoielekea upande wa pili, ili gurudumu likae sawa. Kipimo cha kukaza kimo katika kitabu cha gari. Tazama pia kama kuna michirizi ya kutu mpya, au chuma kinachong'aa karibu na nati. Hizo ni alama kwamba gurudumu limekuwa likicheza.

(b) Osha rimu kwa ndani. Tope la shamba lililokauka upande mmoja wa rimu hutosha kuleta mtetemo, na dawa yake ni maji na brashi. Rimu pana zenye nafasi kubwa hushika tope zaidi kuliko zile za zamani.

(c) Pima upepo wa tairi zote zikiwa baridi. Zitazame kama zina uvimbe ubavuni, jiwe lililokwama, au sehemu iliyolika kuliko nyingine.

(d) Inua gurudumu moja moja. Weka msumari juu ya gogo, ncha yake ikikaribia tairi bila kuigusa, kisha zungusha gurudumu polepole kwa mkono. Nafasi baina ya msumari na tairi ikibadilika zaidi ya milimita 1 na nusu, tairi si duara, au rimu imepinda, au gurudumu halikukaa katikati. Balansi haiwezi kuponya gurudumu lisilo duara.

(e) Tazama kama kuna kitu kinachogusana: tairi pana na kilinda tope, bomba jipya la moshi na fremu, springi na kizuizi chake. Mahali panapogusana huwa pameng'aa au pamekwaruzwa.

KAZI YA TATU: JARIBIO LA BARABARANI

Chagua barabara ya lami iliyonyoka, kavu, isiyo na magari mengi. Chukua mtu wa kuandika, dereva asiandike. Usipite mwendo unaoruhusiwa. Kumbuka kwamba katika miji na vituo vya biashara mpaka ni kilomita 50 kwa saa.

Tena ujue kwamba tairi kubwa hudanganya saa ya mwendo. Kama tairi za kwanza zilikuwa na kipenyo cha sentimita 70, na mpya zina sentimita 77, basi saa ikionyesha 80 gari kwa kweli lakimbia 88.

Jibu maswali haya matano, moja baada ya jingine.

Swali la kwanza: Je, gari latetemeka likiwa limesimama, injini ikifanya kazi? Ongeza mafuta kidogo kwa mguu. Kama latetemeka hapo, basi magurudumu na propela hayana kosa, maana havizunguki. Tafuta kwenye injini.

Swali la pili: Mtetemo wafuata mwendo wa gari au mwendo wa injini? Enda kilomita 60 kwa saa katika gia ya nne, kisha enda kilomita 60 hizo hizo katika gia ya tatu. Mtetemo ukibaki vile vile, wafuata mwendo wa gari, na chanzo kimo katika magurudumu au propela. Ukibadilika pamoja na mlio wa injini, chanzo kimo katika injini, klachi, mauntingi au bomba la moshi.

Swali la tatu: Wausikia wapi? Ukiwa mikononi, yaani katika usukani, tazama magurudumu ya mbele. Ukiwa katika kiti na sakafu, tazama magurudumu ya nyuma au propela.

Swali la nne: Je, waja gari linapovuta, na kutulia unapoinua mguu? Basi tazama propela na viungo vyake, au ekseli za mbele kama gari huvutwa na magurudumu ya mbele. Gurudumu lisilo na balansi halijali kama gari lavuta au lateleza; hujali mwendo tu.

Swali la tano: Je, waja unapokanyaga breki tu? Tazama diski na dramu.

Majibu haya matano yaandikwe. Ndiyo hati utakayompelekea fundi.

MAGURUDUMU NA RIMU MPYA

Sehemu kubwa ya mitetemo ya baada ya vipuri hutoka hapa, na sababu moja haijulikani na wengi.

Rimu za kiwandani huwa na tundu la katikati linaloingia barabara juu ya habu ya gari. Habu ndiyo huliweka gurudumu katikati. Lakini rimu za madukani hutengenezwa kwa tundu kubwa zaidi, ili ziingie katika magari ya namna nyingi. Kwa mfano, pikapu nyingi za Toyota zenye nati 6 zina habu ya kama milimita 106, na rimu nyingi za kununua zina tundu la milimita 110. Hapo pana nafasi ya milimita 2 kila upande, na gurudumu hukaa pale nati zilipolivuta.

Milimita ni kitu kidogo, msomaji atasema. Tufanye hesabu. Gurudumu zima, tairi na rimu, lina uzito wa kilo 25. Likikaa kando ya katikati kwa milimita 1 tu, ni sawa na kufunga kipande cha gramu 125 ukingoni mwa rimu. Hapo juu tuliona kazi ya gramu 50.

Na ajabu yake ni hii: ukilipeleka gurudumu hilo kwenye mashine ya balansi, mashine yasema ni zima. Mashine haikosei. Yenyewe hulishika gurudumu kwa tundu la katikati, hivyo hulizungusha likiwa sawasawa. Kosa laja linaporudishwa garini. Kwa hiyo mkulima aliyebalansi mara mbili bila kupona asibalansi mara ya tatu. Apime tundu la rimu na habu. Dawa ni pete za kujaza nafasi hiyo, ambazo huuzwa kwa vipimo vya milimita, nazo si za bei kubwa kama tairi.

Jambo la pili ni nati. Kuna nati zenye uso wa mshazari kama pia, kuna zenye uso wa duara, na kuna zenye uso bapa na washa. Rimu za aluminiamu za kiwandani za magari kadhaa ya Toyota zilitumia nati za uso bapa, lakini rimu nyingi za dukani hutaka nati za mshazari. Nati isiyolingana na tundu lake haiketi. Waweza kuikaza mpaka mishipa ikutoke, na baada ya kilomita chache imelegea. Unaponunua rimu, nunua na nati zake.

Jambo la tatu ni vile vipande vya chuma au aluminiamu vya kusogeza magurudumu nje ili gari liwe pana. Hivi huufunika mdomo wa habu, hata rimu isipate pa kushikilia, na huongeza mzigo juu ya beringi na stadi. Visivyo na mdomo wake wa katikati visitumiwe kwa gari la mizigo.

Baada ya kutia gurudumu lolote, enda kilomita 50 hadi 100, simama, ukaze nati tena. Kazi hii huchukua dakika kumi.

Njia rahisi ya kuthibitisha shaka juu ya magurudumu ni kuyabadilisha mahali. Peleka ya mbele nyuma na ya nyuma mbele, kama vipimo vyake ni sawa. Mtetemo ukitoka katika usukani ukahamia kitini, umelipata kosa. Njia iliyo bora zaidi ni kurudisha rimu na tairi za zamani kwa siku moja. Kwa hiyo usiziuze vipuri vya zamani siku ile ile. Ziweke ghalani angalau mwezi mmoja.

GARI LILILOINULIWA

Propela ina viungo viwili au zaidi, kila kimoja kikiwa na msalaba wa chuma ndani yake. Kiungo cha namna hii kikipinda hakizunguki kwa mwendo ulio sawa: katika kila mzunguko mmoja huharakisha mara mbili na kuchelewa mara mbili. Watengenezaji wa magari wanalijua jambo hili, na dawa yao ni kupanga viungo vya pande mbili vipinde kwa pembe zilizo sawa. Hapo kiungo cha pili huondoa kosa la kiungo cha kwanza, na difu hupata mwendo laini.

Sasa mtu huja akatia vipande chini ya springi au huongeza vyuma vya springi, akaliinua gari kwa sentimita 5 au zaidi. Difu yabaki chini, giaboksi yapanda. Pembe zilizokuwa sawa si sawa tena. Gari likiondoka, sakafu hunguruma. Likishika mwendo kwa mguu mwepesi, hunyamaza kidogo.

Mkulima ana kipimo chake mwenyewe ambacho mtu wa mjini hana: mzigo. Pikapu iliyoinuliwa ikinguruma ikiwa tupu, lakini ikitulia ikipakiwa magunia kumi ya viazi ya kilo 50, basi mzigo umezishusha springi na kuzirudisha pembe mahali pake. Chanzo ni pembe za propela, na kununua tairi hakutasaidia kitu. Fundi aweza kutia kabari za chuma baina ya springi na ekseli ili kuigeuza difu kidogo. Kama propela ni ya vipande viwili, aweza kuishusha beringi ya katikati kwa vipande maalum.

Kama propela ilifunguliwa wakati wa kazi, uliza kama iliwekwa alama kabla ya kufunguliwa. Yapasa irudishwe meno yale yale na upande ule ule. Ikirudishwa ikiwa imegeuka, viungo vyake havioani, nayo hutetemeka ingawa haina kitu kibovu.

Magari madogo ya mizigo yavutwayo kwa magurudumu ya mbele, kama Probox za kawaida, hayana propela, lakini yana ekseli mbili za mbele zenye viungo. Yakiinuliwa mno mbele, viungo hivyo hupinda kupita kiasi. Dalili yake ni gari kuyumba kushoto na kulia linapovuta kwa nguvu, hasa likipanda mlima, na kutulia mara mguu unapoinuliwa. Dawa ni kulishusha.

Magari yenye ekseli moja nzima mbele, kama Land Cruiser za kazi na Land Rover za zamani, yana ugonjwa mwingine. Yakiinuliwa, pembe ya usukani ya kuegemea nyuma hupungua. Gari likikanyaga shimo kwa mwendo, magurudumu ya mbele huanza kupiga kushoto na kulia kwa nguvu hata dereva ashindwe kushika. Ikitokea hivyo, usikanyage breki kwa ghafula. Inua mguu, shika usukani imara, acha mwendo upungue mpaka gari litulie. Kisha usiliendeshe tena mpaka fundi amepima pembe na kutazama bushi na viungo vya usukani.

INJINI, BOMBA LA MOSHI NA BREKI

Injini hukaa juu ya mipira iitwayo mauntingi. Mipira hiyo ni laini kwa makusudi: hula mtetemo usifike kwa dereva. Wengine huitoa na kutia iliyo migumu ili injini isicheze. Hapo gari litatetemeka hata kama kila kitu ni kizima, kwa sababu mtetemo uliokuwepo siku zote sasa umefunguliwa mlango. Huo si ugonjwa, ni bei ya kipuri chenyewe.

Bomba pana la moshi likigusa fremu hupeleka mngurumo wa injini ndani ya gari lote. Litazame injini ikiwa baridi, na tena likiwa limepata moto, kwa maana chuma kikipata moto hurefuka. Chunga usiungue.

Kama kompyuta ya injini ilibadilishwa hesabu ili iongeze nguvu, na gari sasa hutikisika likisimama, huenda silinda moja haichomi vizuri. Rudisha hesabu za kwanza, utazame kama utulivu warudi.

Kwa upande wa breki, diski mpya ikitiwa juu ya habu yenye kutu hukaa kimshazari. Hata kosa la sehemu moja ya kumi ya milimita laweza kusikika mguuni na mikononi unapokanyaga breki. Habu isuguliwe kwa brashi ya waya mpaka ing'ae kabla ya diski kutiwa.

MFANO WA KAZI YOTE

Tuseme mkulima wa viazi wa Nyandarua ameinua pikapu yake sentimita 5 nyuma, akatia rimu mpya na tairi pana, yote siku moja. Sasa usukani watetemeka kuanzia kilomita 75 kwa saa, na sakafu yanguruma gari linapoondoka. Amebalansi mara mbili.

Anaandika majibu yake. Gari likisimama ni tulivu: injini yaondolewa katika shaka. Mtetemo wa usukani ni ule ule katika gia mbili kwa mwendo ule ule, na haubadiliki gari likiwa na mzigo: ni magurudumu ya mbele. Ngurumo ya sakafu huja gari likivuta, na gari likipakiwa hupotea: ni pembe za propela. Basi yeye ana magonjwa mawili, si moja, na ndiyo sababu dawa moja haikumponya.

Apima rimu, aona tundu ni kubwa kuliko habu, anunua pete. Usukani watulia. Fundi atia kabari za springi. Sakafu yanyamaza. Hakununua beringi, wala shokabsoba, wala tairi nyingine.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Anza na kitu kilichobadilishwa mwisho.
2. Nati kwanza, tope pili, balansi baadaye.
3. Usukani ni mbele. Kiti na sakafu ni nyuma au propela.
4. Balansi ikishindwa mara mbili, pima tundu la rimu na habu.
5. Gari likinguruma tupu na kutulia likipakiwa, tazama pembe za propela.
6. Weka vipuri vya zamani mpaka vipya vimethibitika.
7. Mtetemo unaozidi siku kwa siku, au wenye kugonga, ni amri ya kusimama. Usiseme utafika nyumbani kwanza.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini gurudumu lisilokaa katikati huonekana zima kwenye mashine ya balansi?
2. Gari latetemeka kwa kilomita 60 katika gia ya nne, na pia kwa kilomita 60 katika gia ya tatu. Je, chanzo ni injini?
3. Nguvu ya donge la tope huongezeka mara ngapi, mwendo ukitoka kilomita 40 hadi 80?
4. Nati za gurudumu zikazwe tena baada ya kilomita ngapi?

Majibu yote yamo katika somo hili. Msomaji asiyeyapata asome tena, kisha alichukue daftari aende kwenye gari lake.